Gobori, Wavu na Karatasi: Historia ya Sheria za Kuwinda Kivu

Mwezi Mei mwaka 1900, kabla juma moja halijapita, karatasi mbili zilitiwa saini ng'ambo ya bahari. Tarehe 19, mjini London, wajumbe wa Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Ureno, Hispania, Italia na Dola Huru ya Kongo walikubaliana namna ya kuwalinda wanyama pori, ndege na samaki wa Afrika. Tarehe 25, mjini Washington, Rais William McKinley aliidhinisha sheria ya Lacey: ukiua mnyama kinyume cha sheria ya jimbo lako, kisha ukaivusha nyama yake hadi jimbo jingine, kosa lako linakuwa la taifa zima.

Karatasi ya Washington ilikiri kwamba kila jimbo la Marekani lina sheria yake ya kuwinda, na ndivyo ilivyo hadi leo. Mwenye bunduki ya upepo, ile isiyotumia baruti, anaweza kuruhusiwa kumpiga kindi huku na kukatazwa kumpiga paa kule, kwa bunduki ile ile. Kule mwindaji huulizwa kwanza: uko wapi?

Kivu, mashariki mwa Kongo, iliulizwa swali jingine. Liliulizwa miaka 10 kabla ya London, na aliyeuliza hakuwa akifikiria wanyama hata kidogo. Swali lilikuwa: umeshika nini mkononi?

Baruti kabla ya tembo

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa, na ndani yake yakaweka vifungu vya bunduki. Katika ukanda mpana wa Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini mwa ikweta hadi digrii 22 kusini, kuingiza silaha za moto na baruti kulipigwa marufuku, isipokuwa kwa masharti. Shehena iliyofika bandarini iliwekwa katika ghala lililosimamiwa na serikali. Bunduki za kisasa, zile za kupakiwa risasi kwa nyuma au zenye mtutu uliochongwa mifuo ndani ili risasi iende mbali na iende sawa, zilitolewa kwa watu waliodhaminiwa tu, na kwa wasafiri wenye hati za serikali zao. Kilichoweza kuuzwa kwa watu wengine kilikuwa gobori la gumegume lenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara.

Watawala walikuwa na hofu yao. Misafara ya pwani, iliyokuwa na ngome zake Nyangwe na Kasongo, ilikuwa imeingiza bunduki nyingi mashariki mwa Kongo, na nyuma ya bunduki zilikuja pembe za ndovu na minyororo ya watumwa. Kuanzia 1892 hadi 1894 Force Publique, jeshi la Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji aliyemiliki Dola Huru ya Kongo, lilipigana na wakuu hao wa misafara hadi likawavunja. Askari wake walibeba Albini, bunduki ya Ubelgiji iliyopakiwa kwa nyuma. Baada ya vita hivyo bunduki ya kupiga mbali ilikuwa ya dola, na raia, akibahatika, alibaki na gobori.

Gobori si silaha ya kuchezea. Ndezi, nungunungu na nguruwe pori wengi wameanguka mbele yake. Ila lazima umimine baruti mdomoni mwa mtutu, ushindilie, utie gololi au vipande vya chuma, kisha usogee karibu na mnyama kuliko busara inavyotaka. Mwenye bunduki ya mifuo hukaa mbali, akapiga na kupiga tena. Sheria ya Brussels iliwagawa wawindaji katika matabaka hayo mawili kabla hakujawa na orodha yoyote ya wanyama wanaolindwa.

Orodha ya London

Orodha ilikuja na ule mkataba wa London wa 1900. Waliokatazwa kabisa kuuawa walikuwa pamoja na twiga, sokwe mtu na gorila, kwa kuwa ni wachache, na tai mla mizoga na bundi, kwa kuwa wana faida. Upande wa pili iliandikwa jamii ya waharibifu waliostahili kupunguzwa: simba, chui, fisi, mamba, chatu. Pembe ya ndovu isiyofika kilo 5 ilipaswa kutaifishwa. Nyavu na mashimo ya kutegea wanyama yalipaswa kuwekewa mipaka.

Nchi nyingi zilizotia saini hazikuuidhinisha, kwa hiyo mkataba haukupata nguvu ya sheria. Lakini fikra zake ziliingia katika amri za makoloni: mnyama ni wa serikali, anauawa kwa kibali, na mtego wa mwanakijiji ni wa kutiliwa shaka.

Kuhusu gorila, kilichofuata kinafanana na mzaha. Mwaka 1900 wajumbe walikataza kumwua mnyama ambaye katika milima ya Kivu na Virunga wataalamu wa Ulaya hawakuwa hata wamemwona. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1902, ofisa wa Kijerumani Robert von Beringe aliwapiga risasi gorila wawili kwenye mlima Sabyinyo, na mzoga mmoja ukapelekwa Berlin ukapewa jina lake. Gorila wa magharibi ya ziwa Kivu, ngagi kama wenyeji wanavyomwita, alipewa jina mwaka 1914 kutokana na Rudolf Grauer, Mwaustria aliyekuwa akikusanya vielelezo vya wanyama. Katika siku hizo kumwua gorila kwa ajili ya makumbusho ilikuwa elimu.

Bendera mbili kando ya mto mmoja

Leo ukisimama Bukavu mahali ambapo ziwa linamwaga maji yake katika mto Ruzizi, upande wa pili unaiona Rwanda. Mpaka huo unaonekana kama uliumbwa pamoja na mto. Kumbe uligombaniwa kwa miaka mingi. Wajerumani na watu wa Leopold kila mmoja alikuwa na ramani yake, na mwaka 1899 maofisa wao walipatana kwamba hadi wakubwa waamue, vituo vya pande zote mbili vikae katika eneo linalobishaniwa. Wakubwa waliamua Brussels mwaka 1910: kisiwa cha Idjwi kikaenda kwa Ubelgiji, iliyokuwa imerithi Kongo ya Leopold, na Ruzizi ikawa mpaka.

Kwa miaka hiyo 11, basi, bonde moja lilikuwa na bendera mbili na sheria mbili za kuwinda. Wajerumani walikuwa na amri ya Gavana Hermann von Wissmann ya mwaka 1896, iliyoleta vibali vya uwindaji na maeneo ya hifadhi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Upande wa magharibi kulikuwa na maagizo ya Dola Huru, iliyotaka pembe za ndovu ziishie katika maghala yake. Aliyemchoma tembo mkuki mahali hapo hakuwa na njia ya kujua kama anamkosea Kaizari au anamkosea Leopold. Pengine hakujali, kwa maana alikuwa na mwenyewe wa kumwogopa.

Sheria isiyoandikwa

Mwenyewe huyo alikuwa mwami, yaani mfalme. Katika nchi ya Bashi, huko Kabare na Ngweshe, ngozi ya chui ilikuwa nembo ya ufalme. Chui yule yule ambaye London ilimhesabu mharibifu, hapa alikuwa na mlango wa kupelekwa.

Kwa Walega, huko Mwenga na Shabunda, mambo yalikuwa mikononi mwa bwami, chama cha hekima ambacho mtu alipanda ngazi zake maisha yake yote. Wanyama wengine hawakuwa nyama tu. Kakakuona walimheshimu kama mwalimu, maana husimuliwa kwamba magamba yake ndiyo yaliyowafundisha watu kuezeka nyumba. Kumwua lilikuwa kosa, na akikutwa amekufa, nyama yake iligawanywa kwa utaratibu maalumu ambao wakubwa wa bwami waliusimamia.

Na ndani ya msitu wenyewe, kuanzia miteremko ya mlima Kahuzi, waliishi Batwa. Silaha zao zilikuwa wavu, mkuki, upinde na mbwa aliyefungwa njuga shingoni. Wavu hauendeshwi na mtu mmoja: wengine husimama, wengine hupiga kelele wakimfukuza mnyama, na nyama hugawanywa kwa wote. Elimu yao ya njia za wanyama haikuwa na mfano, na karibu kila mgeni aliyetaka kuingia Kahuzi alilazimika kuwaomba wamtangulie.

Utaratibu huu wote ulikuwa na adhabu na mahakama zake. Haukuwa na karatasi tu. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji iliipiga marufuku bwami. Waliokuwa wakiamua ni nyama gani iliwe na nani wakageuka wavunja sheria katika misitu yao wenyewe.

Miaka ya hifadhi

Tarehe 21 Aprili 1925 Wabelgiji walianzisha Hifadhi ya Taifa ya Albert, inayoitwa Virunga leo, ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Ilikusudiwa zaidi ya yote kuwalinda gorila. Mwaka 1933 mataifa yalirudi London na mkataba mpya, na safari hii ulipata nguvu, mwaka 1936. Uliorodhesha njia zisizofaa za kuwinda: magari na ndege, moto, sumu, taa za kumpumbaza mnyama usiku, na pamoja nazo nyavu, mashimo, mitego na vitanzi.

Orodha hiyo inataka kusomwa kwa jicho la mtu wa Kivu. Gari, ndege na taa kali zilikuwa vitu vya mzungu, na kukatazwa kwake kulimpunguzia starehe. Wavu, shimo na kitanzi ndivyo vilivyompa chakula mtu asiye na bunduki, na kukatazwa kwake kulimwondoa porini. Bunduki yenyewe, pamoja na kibali, ilibaki safi.

Mwaka 1937 sheria ilifika mlangoni. Tarehe 21 Aprili ilitoka amri ya uwindaji na uvuvi kwa Kongo ya Wabelgiji yote, na tarehe 27 Julai mlima Kahuzi ukatangazwa kuwa hifadhi ya wanyama na misitu. Wakati huo Bukavu iliitwa Costermansville, mji wa walowezi uliotandazwa juu ya rasi za ziwa, na ardhi nzuri ya milimani ilikuwa ikigeuzwa mashamba makubwa chini ya Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyoundwa mwaka 1928. Hata hivyo Batwa walibaki msituni. Hifadhi ya 1937 iliwakuta ndani, ikawaacha ndani.

Waliotolewa baadaye

Walitolewa na nchi iliyokwisha kujitawala. Tarehe 30 Novemba 1970 Rais Mobutu aliifanya hifadhi hiyo kuwa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, yenye hekta 60,000, kwa juhudi za mpiga picha na mhifadhi wa Kibelgiji, Adrien Deschryver. Milima miwili iliipa jina: Kahuzi wenye meta 3,308 na Biega wenye 2,790. Mwaka 1975 iliongezwa mara kumi, ikashuka hadi misitu ya chini kuelekea Maniema, na mwaka 1980 UNESCO ikaiweka katika urithi wa dunia.

Katika hifadhi ya taifa hakuna kuwinda kwa silaha yoyote, wala kuishi. Katika miaka hiyo ya 1970 maelfu ya Batwa waliondolewa bila kupewa ardhi ya maana ya kuanzia upya. Baadhi ya wanaume waliajiriwa kuwaongoza wageni hadi kwa gorila, kwa ujuzi ule ule wa nyayo walioupata kwa baba zao. Ujuzi wa kuwinda ukawa kazi ya mshahara kwa wachache. Kwa wengine wote ukawa jinai, na jina lake likawa brakonie, kama watu wa Bukavu wanavyomwita jangili.

Sheria ya uwindaji inayotumika hadi leo ilitolewa tarehe 28 Mei 1982, nambari 82-002. Iliwagawa wanyama kati ya wanaolindwa kabisa, wanaolindwa kwa sehemu na wengineo, ikagawa pia vibali: vya uwindaji mdogo na mkubwa, vya watalii, vya sayansi, vya kukamata wanyama hai, cha mwanakijiji na cha pamoja kwa jamii. Moto, sumu, taa za usiku na magari viliendelea kukatazwa. Tarehe 3 Septemba 1985 ikaja sheria ya silaha na risasi. Kuanzia hapo mwindaji mwenye bunduki alihitaji ruhusa ya bunduki kando na ruhusa ya mnyama.

Bunduki zilipomwagika

Sheria hizi zote zilitegemea jambo moja: bunduki iwe adimu. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya watu walivuka kuingia Kivu, pamoja nao askari wa jeshi lililoshindwa. Vita vilianza mwaka 1996, vikarudi mwaka 1998. Walinzi wa hifadhi walinyang'anywa silaha, huku msitu ukijaa watu waliokuwa nazo. Mwaka 1997 Kahuzi-Biega iliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya madini ya koltani ilipanda ghafla, wachimbaji wakaingia misitu ya chini, na kila kambi ya wachimbaji ilihitaji nyama.

Katika sehemu ya juu ya hifadhi, iliyo karibu na Bukavu, gorila walihesabiwa 258 mwaka 1990. Kufikia mwaka 2000 walibaki takriban 130. Tembo wa sehemu hiyo walimalizwa karibu wote. Kabla hata ya vita, mwaka 1993, alikuwa ameuawa Maheshe, dume ambaye wageni wengi walipanda mlima ili wamwone. John Kahekwa, aliyekuwa akiwazoesha gorila kuwaona watu, alianzisha shirika la Pole Pole lililowafundisha majangili kuchonga vinyago, kwa hoja nyepesi kuielewa: tumbo tupu halina masikio.

Mpaka, tena

Majirani walichagua njia zao. Tanzania ilifunga uwindaji mwaka 1973, ikaufungua mwaka 1978. Kenya iliupiga marufuku Mei 1977. Uganda iliufunga mwaka 1979, kisha ikaurudisha kwa kiasi mwaka 2001 karibu na ziwa Mburo. Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi, ilikuwa na msitu wa Nyungwe uliohifadhiwa tangu 1933. Nyati wake wa mwisho aliuawa mwaka 1974, na tembo wake wa mwisho mwaka 1999.

Ndani ya Kongo yenyewe mipaka iliongezeka. Mwaka 1988 Kivu iligawanywa kuwa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na Kahuzi-Biega ikajikuta imelala juu ya majimbo yote matatu. Hapo Kongo haikufuata njia ya Marekani. Katiba ya 2006, kifungu cha 204, inalipa jimbo kazi ya kutekeleza sheria ya taifa ya uwindaji, wala si kujitungia yake. Sheria ni moja kutoka Bukavu hadi Kindu, huko Maniema. Tofauti iko kwa watekelezaji: ofisi ipi iko wazi, barabara ipi inapitika, kituo kipi cha barabarani kinashikwa na nani. Februari 2025, kundi la waasi la M23 lilipoiteka Bukavu, swali la nani anatekeleza sheria ya nani lilirudi mahali lilipokuwa mwaka 1899.

Wakati huo huo Batwa walikuwa wamechoka kungoja. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi msituni kwa miguu yao wenyewe, na miaka iliyofuata ilileta mapigano na walinzi na vifo. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda haki za watu wa asili wa Kongo. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: serikali ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega ilipowatoa, na inapaswa kuwarudishia ardhi yao.

Uamuzi huo hauna neno refu juu ya bunduki, na hapo ndipo unapoachana na karatasi zote zilizoutangulia. Tangu 1890 mwenye bunduki nzuri alikuwa na dirisha la kupita: dhamana, hati, kibali cha uwindaji mkubwa. Mwenye gobori aliachiwa upenyo. Mtwa mwenye wavu hakuwa na silaha ya kuandikisha wala ofisi ya kuandikishia, na sheria ya silaha ya mwaka 1985 ingeweza kumpita bila kumgusa. Iliyomkamata ni ile ya wanyama, na kabla yake ile ya ardhi.

Siku ambayo ardhi itarudishwa, kama itarudishwa, lazima mtu aamue kama wavu utarudi pamoja nayo, au kama Batwa wataingia Kahuzi kwa ruhusa ya kutazama tu, kama watalii.